Acha Itetemeke

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Azza alimtilia baba yake uzi kwenye sindano. Salem alikuwa fundi wa kanzu. Cherehani yake ilikaa barazani pa duka moja pale Kariakoo, na darizi zake zilisifiwa hadi Gerezani. Lakini mikono yake ilitetemeka mpaka apate kata ya tembo la mnazi. Akishakunywa, mkono hutulia, hushona. Jioni hulewa, na asubuhi mikono hutetemeka tena.

Mama yake Azza, Bi Mauza, alimpeleka mumewe kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaiosha, na Salem akanywa maji yale ya kombe huku akitubu kwa machozi. Alirudi nyumbani na moyo mweupe. Kesho yake mteja akaja kudai kanzu ya Idi. Salem akashika sindano, ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Akasema anakwenda kutafuta uzi. Aliporudi, mkono ulikuwa umetulia na macho mekundu.

"Mlevi ni mnazi uliopinda," Hamis mgema alimwambia Azza alipopita na vibuyu vyake. "Hata ukiuegemeza, haunyooki."

"Baba yangu si mnazi," Azza alijibu, asimpishe njia.

Jirani yao Melkiori, mwuza maharage kutoka Kilimanjaro, aliyasikia hayo. Alikuja kuketi na Salem barazani.

"Shikamoo, Baba Severa," Azza alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Bwana Salem, mimi pia nilikuwa mtumwa wa kata. Kwetu pombe ya mbege hainywewi peke yako, kata inazunguka. Nilipoacha pombe nilibaki bila rafiki, mpaka wenzangu wa kanisani waliponishika mkono."

"Mimi nimekunywa kombe, likanishinda."

"Halikukushinda. Limekupa nia. Ila mkono hautubu kwa siku moja. Twende kwa dresa wa hospitali."

Dresa, mganga msaidizi pale hospitalini, hakumcheka. Alimwambia anywe uji na maji kwa wingi, asiachwe peke yake, na akizidiwa arudishwe hapo mara moja. Mtetemo ungepungua polepole, mradi asiufukuze kwa tembo.

Salem alilala ndani siku kadhaa, akitoka jasho, Bi Mauza na Melkiori wakimkesha kwa zamu. Alipoinuka, mikono bado ilicheza.

"Fundi asiyeweza kushika sindano atafanya nini?" aliuliza.

Azza alilitazama dele la shaba, birika la kahawa la marehemu babu yake, lililosahauliwa pembeni. "Uza kahawa, Baba."

"Kwa mikono hii? Vikombe vitagongana njia nzima."

"Mwuza kahawa asiyegonganisha vikombe, nani atamsikia?"

Melkiori alicheka hadi akajiegemeza ukutani.

Basi Salem akaingia sokoni, dele mkono mmoja, vikombe mkono mwingine, na Azza nyuma yake na ndoo ya kuoshea. Hawakufika mbali. Hamis alikuwa kwenye mkeka wake na wanywaji.

"Mikono inacheza ngoma leo, Salem. Njoo nikutulizie. Bure."

Salem alisimama. Harufu ya tembo ilimfikia. Azza alitaka kumvuta kanzu, akajizuia. Salem akainama hadi karibu na uso wa Hamis, akavigonganisha vikombe kwa nguvu.

"Acha itetemeke. Leo inanifanyia kazi mimi, si wewe. Nikumiminie kahawa?"

Wanywaji wakaangua kicheko. Mmoja akainuka mkekani, akanunua kahawa.

Miezi ikapita, na Severa, mtoto wa Melkiori, akamwuliza Azza dawa ilikuwa ipi hasa: kombe, dresa au kahawa? Azza akamwuliza mama yake.

"Bonde la Jangwani lina vivuko vingi," Bi Mauza alisema. "Baba Severa alivukia kanisani. Baba yako alivukia kwenye kombe, uji na vikombe. Anayezama usimwambie kivuko ni kimoja. Na mtu akikwambia bonde halivukiki, usikubali."

Asubuhi moja Azza alinyoosha mkono kuchukua sindano, kama zamani. Salem akaisogeza mbali naye. Akailamba ncha ya uzi, akafumba jicho lake moja, akakosa, akajaribu tena. Uzi ukapita.

"Nenda chuoni," alisema bila kuinua kichwa. "Utachelewa."