Dawa ya Kujaribu

"Chota asali. Usiguse mzinga."

Redio ya Land Rover ikakatika. Anselm, kachero wa siri wa serikali ya Mwingereza, akatukana kimoyomoyo. Maana yake aliijua: mkamate Daktari Pell, lakini kampuni ya dawa ya ng'ambo inayomlipa isitajwe.

Akakanyaga mafuta. Vichaka vya Itigi vikakwaruza milango.

Alipofika kambi ya wagonjwa wa malale, foleni ya sindano ilikuwa imeshaanza. Mbele alisimama Dorkas na bintiye, Lea. Mume wa Dorkas, Isaka, alichomwa sindano hapahapa, sasa haoni. Dorkas aliambiwa ni malale yaliyomla macho. Uongo mtupu! Ni dawa. Na kila aliyedhurika, Pell alimfuta kwenye majibu aliyopeleka Ulaya.

Pell akasema kitu kwa Kiingereza. Melkizedeki, mkalimani wake, akatafsiri.

"Daktari anawaomba mjaribu dawa."

Dorkas akakunja mkono wa gauni la Lea. Mtu akikukaribisha kitu, akasema jaribu, utakataaje? Ni ustaarabu tu.

Anselm akashuka, bastola yake ya Webley mkononi.

"Weka sindano chini, daktari."

"Wamekubali wenyewe," Pell alisema. "Waulize."

"Wamekubali kujaribu dawa. Hawajui kwamba dawa ndiyo inayowajaribu wao."

Akaigeukia foleni. Bastola mkononi, lakini wakubwa ni wakubwa.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," wakaitika, wakiitazama bastola.

"Dawa hii haijulikani kama inaponya. Wanataka waone itawafanya nini. Kampuni inayoitengeneza ndiyo inayomlipa daktari huyu. Na dawa hii ndiyo iliyompofusha Isaka."

Mikono ya nguo ikashushwa, mmoja baada ya mwingine.

Pell alikimbilia pikipiki yake.

Risasi moja. Gurudumu likapasuka.

Anselm akamfunga pingu, akamsukumia kiti cha nyuma. Redio ikakoroma.

"Vipi mzinga?"

"Nimeuvunja."

"Utafukuzwa kazi, unajua?"

"Najua."

Akaizima.

Dorkas alimfuata mpaka kwenye mlango wa gari, amemshika Lea mkono.

"Bwana, Isaka hakutaka kuja hapa. Aliogopa. Mimi ndiye niliyemwambia, jaribu tu, mume wangu."

Anselm akavua kofia, akamwinamia. Akavaa kofia yake, akawasha gari, akaondoka polepole ili vumbi lisiwafikie.