Baba Alikufa Akimngoja Daktari Wake

Nina umri wa miaka ishirini na tano, naishi Matisi, hapa Kitale, na jioni nauza mboga kando ya barabara. Ukiniita mama mboga, nitaitika. Ukiniita daktari, nitainama kama ambaye hajasikia... Jina hilo ndilo lililomzika baba yangu.

Nilipomaliza kidato cha nne, nilipata nafasi ya kusomea diploma ya famasia katika chuo kimoja mjini Kitale. Furaha iliyoje! Baba, mkulima wa mahindi kule Endebess, alikuwa tayari kuuza mtamba wake. Ndipo senje akaja kutoka Bungoma.

Senje ni dada mkubwa wa baba, na kwetu, neno la senje juu ya binti wa kaka yake halipingwi. Alikuwa na duka la dawa. Alisema nikakae kwake kwanza, nizijue dawa kwa mikono yangu, kisha yeye mwenyewe atanipeleka chuo huko huko Bungoma. Alisema huku akicheka kwamba watoto wa chuo hawajui hata kufungua chupa.

Baba aliinamisha kichwa, akakubali. Mimi ningesema nini?

Senje alinivisha koti jeupe. Ukutani, nyuma ya kaunta, palikuwa na leseni yenye picha ya mwanamume nisiyemjua. Nilipouliza ni nani, aliniambia, "Huyo ni mwenye karatasi. Wewe uza, bana." Tuliposikia wakaguzi wako mjini, tulishusha mlango wa chuma, tukakaa gizani kimya, na yule mtu akitutazama kutoka kwenye fremu yake...

Wateja waliniita daktari. Kila vyuo vilipofungua nilimkumbusha senje, na kila mara alinijibu, "Muhula ujao, mama." Muhula ukapita, na mwingine. Kumbe hakuwa na nia kamwe! Nani angemwachilia mfanyakazi wa bure?

Nisilolijua ni kwamba alikuwa amempelekea baba picha yangu nikiwa na lile koti. Alimwambia nimefuzu! Baba akaitundika sebuleni.

Kisha kifua kikaanza kumbana, miguu ikavimba. Muuguzi wa zahanati alimwagiza aende hospitali ya Kitale mara moja. Baba akakataa. Mama anasema alijibu huku akitabasamu, "Hospitali ya nini, na mimi nimezaa daktari?" Akampigia senje. Senje akamwambia nina kazi nyingi, lakini nitamtumia dawa. Akazituma yeye, bila kunidokezea lolote.

Siku moja baba alinipigia simu. Hakutaja ugonjwa. Alisema tu, "Asante, daktari wangu." Nikadhani ananitania, nikacheka.

Nilicheka!

Niliporudi Endebess, alikuwa ndani ya jeneza. Mama akanitolea dawa zilizobaki chini ya mto wa baba. Nilizitambua... zilitoka kwenye rafu niliyoipanguza kila asubuhi. Vitamini na dawa za maumivu! Jirani mmoja akanishika mkono. "Pole, daktari. Mzee alikuwa anasema ati dawa zako ndizo zinamshikilia."

Senje ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Nilimkabili nyuma ya jikoni, nikamuuliza kwa nini alimdanganya ndugu yake wa tumbo moja. Hakutazama chini.

"Si walikuita daktari?" akasema. "Na si uliitika?"

Maneno hayo yanalala nami hadi leo.

Wadogo zangu mnaoitamani kazi hii, nawasihi... Nendeni chuo kinachotambuliwa, hata kikiwa mbali, hata ng'ombe akiuzwa. Ulizeni bodi ya wafamasia kabla ya kuuliza jamaa. Na yule anayewaambia "muhula ujao", mwambieni ni huu huu! Koti jeupe halimsomei mtu.

Mimi nimeanza upya, mwaka wa kwanza, nikikaa darasani na watoto wanaoniita dada. Ile picha bado iko ukutani Endebess. Nilimwomba mama aitoe, akakataa. Anasema itatoka siku nitakapomletea nyingine, ya kweli.

Hadi siku hiyo, kila niendapo nyumbani, nakula nikiwa nimeipa mgongo.