Skafu ya Mama, Skafu ya Binti

Kisa hiki nilisimuliwa na Fumie, jirani yangu wa hapa mtaani Asagaya, majira ya baridi yaliyopita, tukiwa tumekaa mbele ya mashine za kufulia tukingoja mashuka yakauke. Yale ambayo Fumie hakuyaona kwa macho yake, Kotone mwenyewe aliniongezea, huku akicheka mpaka akashika mbavu.

Kotone Irie ni mwembamba, nywele amezikata usawa wa shingo, na kazi yake ni kuchagua rangi za katuni za televisheni. Wachoraji wakishamaliza mistari yao, yeye ndiye anayeamua shavu la msichana liwe la rangi gani asubuhi, na jioni, na akinyeshewa. Mwaka ule walikuwa wakitengeneza tamthilia iitwayo Mji wa Miavuli. Humo mna mama na binti yake, sura moja, umri mmoja, ila kila mmoja yuko wakati wake. Binti anamtafuta mama kwenye mji ambao mvua haikatiki. Hadithi inaruka huku na huku bila kuaga. Wenzake Kotone walipomwomba mkurugenzi aandike hata neno moja chini ya picha, watu wajue ni zamani au ni sasa, aligoma.

"Rangi itasema," alijibu, akamtazama Kotone.

Basi Kotone akamvika mama skafu nyekundu, nyekundu ya tofali, na binti akamvika ya kijani, kijani cha majani ya chai. Ukiona nyekundu, ni zamani. Ukiona kijani, ni sasa. Mzigo wote wa hadithi ile ulining'inia kwenye shingo mbili.

Jumamosi moja akaenda Ikebukuro, kwenye mkahawa uliopambwa kwa miavuli ya tamthilia hiyo. Pale ukiagiza kinywaji unapewa kadi ya kuwekea glasi, imefungwa kwenye pakiti, huchagui picha. Ndiyo maana watu hawatulii vitini; wanazunguka meza kwa meza wakibadilishana. Kotone alikwenda kimyakimya, amevaa gauni la rangi ya haradali na viatu vya turubai, kuona kama wachapaji hawakumharibia rangi zake. Hata kabla hajaonja soda yake, kivuli kikasimama mezani.

"Samahani, dada. Una binti?"

"Binti?" Kotone alikodoa macho. "Mimi hata mume sina!"

"La, la! Kwenye kadi!" Kijana wa watu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa na mabega mapana na shati la buluu lililopigwa pasi mbele tu. "Nimekunywa soda mpaka tumbo linalia kama pipa, kila nikifungua ni paka. Paka, paka, paka."

"Na huyo paka ana kosa gani?"

"Hana kosa. Ila nyumbani anao wenzake wanatosha."

Kotone alicheka, akamwonyesha kiti. Jina lake lilikuwa Seiji Hamaguchi, fundi wa kusawazisha sauti za piano. Akiwa hana piano ya kusawazisha, huandika kwenye mtandao kuhusu katuni: nguvu zake na udhaifu wake.

"Na hii?" Kotone aliuliza, anatazama mrija wake kama hana habari.

"Hii? Nzuri hivyo, mpaka unataka kuilamba! Rangi zake dada, kama mtaa mzima umewasha taa za sherehe. Lakini nikikudanganya kwamba naielewa, nitakuwa mwongo. Ninafika katikati najikuta nimepotea kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake."

"Unapenda kitu usichokielewa?"

"Kwani mama yangu namwelewa?"

Kotone hakumwambia yeye ni nani. Alisema anafanya kazi ofisini. Alitaka asikie sifa zile bila kuonewa aibu, na alivyoondoka pale alikuwa na kadi moja ya paka ya Seiji mkobani na namba yake ya simu.

Simu zikaanza. Asubuhi: "Umeamka, mpenzi wa kadi?" Mchana: "Nimekaa chini ya piano ya mzee mmoja, mbwa wake ananilamba mguu, nimekukumbuka." "Mbwa akikulamba ndio unanikumbuka mimi?" Na kicheko kinafuata pande zote mbili.

Wakaenda kula nyama ya kuchoma, ile unayojichomea mwenyewe mezani. Seiji hakuacha kuuliza. "Imeiva?" "Bado." "Hii?" "Bado, Seiji, damu hiyo!" Akageuka kidogo tu, kijana ameshaweka kipande kibichi mdomoni, anatafuna kwa raha zake. Kotone akajua ni deko tu, mwanamume anataka kulishwa. Akamlisha. Akawa anamgeuzia kila kipande, moyo wake umejaa.

"Nilikuwa na mtu," Kotone alisema, macho kwenye makaa. "Tulikaa naye muda mrefu, na kazi yangu hakuwahi kuitazama hata siku moja. Mimi nikiolewa, nitaolewa na mtu anayetazama."

"Mimi natazama," Seiji alisema. "Kazi ya ofisini inatazamwaje?"

"Siku moja nitakwambia."

Siku hiyo alikuwa anaipanga. Lakini tamthilia ikaisha, na Seiji akaandika maoni yake mtandaoni. Kotone aliyasoma kwenye treni, amesimama, mkono mmoja umeshika kamba. Nguvu: rangi, rangi, rangi. Akatabasamu. Udhaifu: hujui uko wakati gani. "Mama na binti wana sura moja na sauti moja, na hata skafu wamevalishwa ya namna moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliyewavalisha alikuwa amelala."

Alishuka kituo kilichofuata, ambacho hakikuwa chake, akapiga simu.

"Mpenzi wa kadi!" Seiji aliitikia.

"Aliyewavalisha ni mimi."

"Nini?"

"Zile skafu. Rangi zote zile. Ndiyo kazi yangu ya ofisini. Na sikuwa nimelala."

"Kotone... mbona hukuniambia? Ningekuwa..."

"Ungekuwa umeficha! Nilitaka unachokiona kwa kweli. Kumbe huoni chochote. Moja nyekundu, moja kijani, Seiji! Mtoto wa chekechea anaziona!"

"Mimi sikuona nyekundu wala kijani pale."

"Basi hukutazama. Umesifu rangi za kitu ambacho hukukitazama. Afadhali yule wa kwanza, yeye hakujifanya."

Akakata. Seiji alipiga tena na tena, simu ikalia mpaka ikachoka. Usiku Kotone alikaa na picha zake, nyekundu pale, kijani pale, wazi kama mchana, na kila alipoziangalia alizidi kuumia. Angemsamehe mtu asiyependa kazi yake. Huyu alisema anaipenda, na hakuitazama.

Majuma yakapita. Vuli ikaingia, watu wakaanza kuvaa makoti. Jioni moja Kotone anatoka kazini, kwenye kichochoro kinachopita kando ya reli, akamkuta Seiji amesimama chini ya ukuta wa nyumba ya watu, amechana nywele, shati safari hii limepigwa pasi mbele na nyuma. Mkononi ana kifurushi.

"Usiondoke. Nimeitazama upya yote, toka mwanzo, mara tatu. Nisikufiche wala nini: bado nimepotea. Lakini nimekuletea skafu ya mama. Nyekundu yako ileile. Nimezunguka maduka ya Shinjuku nzima kuitafuta."

Kotone alifungua. Ndani ilikuwa skafu laini ya sufu, ya kijani.

"Umekuja kunidhihaki?"

"Kukudhihaki vipi?"

"Hii ni rangi gani, Seiji?"

"Nyekundu." Aliitazama skafu, akamtazama yeye. "Si nyekundu?"

Kotone alikuwa ameshafungua kinywa amtukane. Lakini uso ule haukuwa na mzaha hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu aliyeulizwa jina lake akaambiwa amekosea. Hapo akakumbuka nyama. Imeiva? Bado. Hii? Bado. Juu ya ukuta, mpersimoni wa watu ulikuwa umezaa mpaka matawi yameinama, matunda yake ya rangi ya chungwa yanawaka kama taa.

"Tazama mti ule," alisema polepole. "Una matunda?"

Seiji aliinua shingo, akakaza macho. "Una majani. Msimu wake bado, au?"

"Mpigie mama yako," Kotone alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mama huyo ndiye Fumie, jirani yangu; alikuwa anakaanga samaki simu ilipoita. Hilo sasa alinisimulia yeye mwenyewe. "Mama, mimi nyekundu na kijani sizioni?" Fumie akazima jiko. "Uuu! Kama marehemu babu yako! Alikuwa akitumwa stroberi anarudi na mbichi kapu zima, bibi yako anamkimbiza na ufagio. Kwani shuleni hawakukupima? Sisi zamani walitupanga foleni wote."

"Enzi zetu walikuwa wameshaacha, mama."

"Basi ungeniuliza!"

"Nikuulize nini, mama, na mimi sikujua kama kuna kitu sikioni?"

Seiji alipokata simu, alikuta Kotone analia, skafu ya kijani ameikumbatia.

"Nilikuita mtoto wa chekechea."

"Chini ya mtoto wa chekechea," Seiji alimsahihisha. Kisha akashtuka. "Ngoja. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nakula nyama mbichi?"

Kotone alicheka machozi yakiwa bado mashavuni, akajizungushia skafu ile shingoni palepale.

Jumapili iliyofuata Fumie aliwaita. Aliwasha ile meza ya joto, yenye blanketi lililofunika pande zote, wakatia miguu wote watatu chini yake, kapu la machungwa katikati. Wakaanza Mji wa Miavuli upya tangu asubuhi. Kotone alikaa bega kwa bega na Seiji, na kila picha ilipobadilika alisema neno moja tu.

"Mama."

"Mama."

"Binti."

"Ahaa!" Seiji alipiga meza, machungwa yakaruka. "Kwa hiyo huyu wa sokoni ni mama! Kwa hiyo mwavuli ule aliuacha makusudi!"

"Nyamaza tutazame," Fumie alisema, akimenya chungwa. "Mimi hata nikiona rangi sielewi. Yule paka ni wa nani?"

Walipofika pale darajani, wanawake wawili wanapopishana kwenye mvua bila kugeuka, Kotone alinong'ona, "Mama. Binti. Wote wawili." Seiji alitafuta leso, hakuipata, akajifuta kwa blanketi la mamake.

"Mwambie mkurugenzi wako amfungie mama kengele kwenye mwavuli," alisema baadaye, pua imeziba. "Sisi wengine tutasikia."

"Nitamwambia kesho." Na alimwambia, na mzee yule alinung'unika siku mbili, akakubali kuitia kwenye toleo la diski.

Fumie alikuwa wa kwanza kufumba macho. Meza ile haina huruma, ikishakupasha miguu umekwisha.

"Kotone," Seiji alisema chini chini. "Utaniambia hivi mpaka lini?"

"Mpaka tamthilia iishe."

"Ikiisha?"

"Kuna nyama."

"Na nyama ikiisha?"

"Kuna stroberi. Kuna mipersimoni ya watu. Kuna soksi zako, leo umevaa mbili zisizojuana."

"Hayo si ni maisha mazima."

"Ndivyo naona na mimi."

"Ulisema utaolewa na anayetazama."

"Umetazama mara tatu kitu usichokiona. Nikatafute nani mwingine?"

"Basi olewa na mimi."

"Ndiyo."

"Hatimaye!" alisema Fumie, macho bado amefumba, akageukia upande wa pili. Dakika haikupita akawa anakoroma kweli, hilo alikubali mbele yangu.

Seiji akafuata, kichwa mezani kando ya maganda ya machungwa, kinywa wazi. Kotone alipunguza sauti ya televisheni, akaivua skafu yake ya kijani, akamfunika mabegani. Nje jua la mchana lilikuwa bado juu ya mabati ya jirani. Alitazama sehemu ya mwisho peke yake, midomo ikimchezacheza kwa mazoea, mama, binti, mama, kila neno likitoka zito kuliko lililotangulia, mpaka naye akalaza shavu kwenye mkono wa Seiji, akalala.