Niliwaambia Abiria Wangu Wana Bima

Mkasa huu umenigharimu gari moja, vyerehani viwili na rafiki niliyekuwa naye miaka kumi na tisa. Rafiki mwenyewe umemgharimu mguu. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili hasara yake imezidi yangu.

Nina miaka arobaini na minne, mjane, mama wa watoto watatu. Nilikuwa nashona na kuuza mapazia Rwezamenyo, hapa Kigali. Nimekulia Bujumbura, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili na kupatana bei, vyote kwa pamoja. Mtu akiniambia elfu kumi, mimi nasikia elfu sita. Ndivyo nilivyo... na ndivyo nilivyoangamia.

Nilinunua gari lililotumika, la viti saba, ili nipeleke mapazia kwa wateja wa Kiyovu, watu wenye madirisha marefu na subira fupi. Lakini Kiyovu hawabadilishi mapazia kila wiki. Siku nyingi gari lilikuwa linalala tu.

Basi wanawake wa mtaa wa Kimisagara wanaouza nyanya na parachichi wakaniomba niwe nawapeleka sokoni kila Alhamisi, nje ya mji, upande wa Kamonyi. Sita, kila mmoja elfu mbili. Tuliita pesa ya mafuta. Mafuta yenyewe yalilipwa na wawili wa kwanza. Wanne waliobaki walikuwa faida yangu, na nililijua hilo vizuri sana.

Bima ilipokaribia kuisha, nilikwenda kwa wakala wangu, Prosper, mzee mpole. Akaniuliza gari linafanya kazi gani. Akanitajia bei mbili: ya gari la nyumbani, na ya gari linalobeba watu kwa malipo. Ya pili ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza.

"Ya nyumbani," nikasema.

"Mama Divine, mimi nakuonaga Alhamisi na wamama ndani."

"Ni marafiki zangu."

"Marafiki wanalipa?"

"Wewe rafiki zako hawajawahi kukuwekea mafuta? Pole sana."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanigeuzia karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa matumizi ya gari. "Hapa ni sahihi yako, si yangu. Kama umesema ya nyumbani, ibaki ya nyumbani."

Nikatia sahihi. Nilitoka pale nikijiona mjanja kuliko Kigali nzima.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojidanganya. Siku hizi askari wa barabarani hahitaji hata kukuomba karatasi. Anaingiza namba ya gari, na bima inaonekana kama ipo au haipo. Nilisimamishwa mara mbili na abiria wangu wakiwa ndani. Mara zote mbili bima ilionekana ipo, tukaruhusiwa. Mimi nikachukua hiyo kuwa ni ushahidi kwamba kila kitu kiko sawa. Ipo, ndiyo. Lakini ipo kwa kazi gani? Hilo sikujiuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Kati ya wale wanawake alikuwemo Mama Aline, rafiki yangu tangu tulipopanga nyumba kwenye ua mmoja. Yeye ni mwoga wa magari. Siku yake ya kwanza, baada ya sahihi ile, alisimama mlangoni na kikapu chake, hakupanda.

"Gari yako iko na asiransi?"

"Bima? Iko."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha kwenye simu, mpaka na tarehe ya mwisho. Akasoma, akapanda. Mwanamke yule aliingia kwenye gari langu kwa sababu ya simu ile. Wasomaji, hakuna siku inayopita bila mimi kuikumbuka...

Alhamisi moja tulikuwa tunarudi, saa tisa mchana, mvua inanyesha. Lori lililokuwa mbele likafunga breki mteremkoni. Nami nikafunga, gari likateleza, tukaingia mtaroni kwa upande wa kulia. Upande wa Mama Aline. Wengine walitoka na michubuko. Yeye mguu ulivunjika mara mbili chini ya goti.

Kesho yake nilikwenda hospitali na uji. Uji ulikuwa kisingizio. Nilifunga pazia la kitanda, nikamwambia mkaguzi wa bima atakuja, na akiuliza aseme sisi ni ndugu, nilikuwa nimempa lifti, hajalipa kitu.

Akausukuma uji pembeni. "Sasa ile ya kwenye simu ilikuwa nini?"

Nikaanza kulia, na machozi yangu yakafanya kazi ambayo maneno yalishindwa. Yeye mwenye mguu kwenye chuma ndiye akanibembeleza mimi mzima. "Basi, sha, rafiki yangu. Nitasema."

Na akasema. Mkaguzi akaandika kila neno, Mama Aline akatia sahihi.

Sikuwa nimewafundisha wale wengine. Mkaguzi alipowafikia Kimisagara, mmoja wao, Mama Fistoni, akadhani ni mtu wa kupokea malalamiko. Akamwambia anataka nusu ya nauli yake irudi, maana alilipa kwenda na kurudi, na kurudi hakurudishwa. Hata mimi ningedai! Ni mwanafunzi wangu yule, kupatana nilimfundisha mwenyewe.

Barua ikaja. Kampuni haitalipa, kwa sababu gari lilibeba abiria wa kulipa kinyume na nilivyoandika. Mama Aline naye kapewa ya kwake: maelezo yake ni ya uongo, madai yake yamekataliwa.

Mnaelewa nilichofanya? Kwanza nilimkalisha kwenye kiti kisicho na bima. Kisha nikamfanya mwongo kwenye karatasi, yeye ambaye hajawahi hata kuficha nyanya mbovu chini ya nzima.

Niliuza gari kama chuma chakavu, nikauza na vyerehani, nikalipia upasuaji wa kwanza. Mfupa haukukaa sawa. Unahitajika upasuaji wa pili, na daktari anasema ukicheleweshwa mguu utabaki ulivyo. Sina tena cha kuuza ila nyumba, na nyumba ni ya watoto. Mama Aline hapokei simu zangu. Binti yake ndiye hujibu: "Mama amelala." Amelala asubuhi, amelala mchana.

Ninyi wenye magari, nawasihi. Mkiulizwa gari linafanya kazi gani, semeni kazi linayofanya. Msiangalie tu kama bima ipo. Angalieni inamlinda nani, na kama ni yule mliyemkalisha kwenye kiti.

Mwanasheria mmoja ameniambia nikikiri kwa maandishi kwamba uongo ule nilimfundisha mimi, nikamshawishi akiwa na maumivu, huenda madai yake yakafunguliwa upya. Ila mimi naweza kushtakiwa, na kampuni ikinidai, nyumba itakwenda.

Nimeshaandika. Kurasa mbili, nimezisoma mara mbili, sijapunguza kitu. Nishaurini jambo moja tu, aliyewahi kupita hapa, na anijibu upesi kwa ajili ya ule mfupa: nizipeleke kwanza kwa kampuni, kwa polisi, au nikasimame mlangoni kwa Mama Aline, nimsomee yeye kabla ya wote?