Barabara Tupu ya Saa Saba

Mwenzi, akili-rubani ya ndege ya kivita iitwayo Kipanga, ilijua injini inakufa sekunde nne kabla Kapteni Tunu Kasesela hajasikia mtikisiko wowote. Ilikata mafuta, ikajaribu kuwasha tena mara tatu, kisha ikatoa taarifa kwa sauti ya kutangaza hali ya hewa.

"Injini haitawaka. Tuna dakika tatu za kuelea. Nimepata mahali pa kutua."

Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma. Hii ilikuwa doria tu juu ya bonde la Usangu, kazi ya kuzungukazunguka, na kufia kwenye kazi ya namna hiyo kulimuudhi Tunu kuliko kulivyomtisha.

Ndani ya kofia-picha aliyovaa, dunia nzima ilikuwa rangi za joto. Kipanga haikuwa na kamera ya kawaida. Waliounda ndege hiyo waliliamini jicho-joto peke yake, kwa kuwa moshi na vumbi la vita havilizuii. Mtu ana joto lake na ardhi ina lake, basi mtu huonekana aking'aa. Pasipong'aa hapana mtu. Rubani alikatazwa kabisa kufunua kofia angani.

"Barabara ya lami, imenyooka kilomita mbili," Mwenzi ilisema. "Tupu."

Kweli ilikuwa mstari wa rangi moja, hauna hata doa. Lakini Tunu hakutulia. Ulikuwa mwezi wa Juni, saa saba mchana, na yeye alizaliwa Ifakara kwa wakulima wa mpunga. Kwao, wakati wa mavuno, lami ndiyo uwanja wa kuanikia. Saa saba ndipo watu huwa barabarani wakigeuza mpunga. Tupu vipi?

Alifunua kofia.

Barabara ilikuwa ya njano kwa mpunga. Wanawake walikuwa wameinama na reki zao, watoto wamekaa pembeni wakifukuza kuku. Watu kama arobaini.

"Mwenzi, kuna watu!"

"Sioni watu."

"Joto la juu ya barabara ni kiasi gani?"

"Nyuzi thelathini na sita."

Joto la mwili wa mtu. Watu na barabara walikuwa na joto moja, jicho-joto halikuweza kuwatenganisha.

"Ruka na kiti cha dharura, Kapteni. Mimi nitaitua ndege barabarani."

"Nipe usukani! Nipe sasa hivi!"

Aliilaza Kipanga kushoto, ikavuka vichwa vya watu, ikaangukia tumbo kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Iliburuzika ikivunja kingo za majaruba mpaka bawa moja likabaki nyuma. Ilipotulia, mkono wa kulia wa Tunu ulikuwa umevunjika, na wale wanawake walikuwa wanakuja mbio, reki mikononi.

Aliyemfungua mikanda alikuwa mama mnene aliyejifunga kanga kiunoni. Wenzake walimwita Mama Sekela.

"Shikamoo, mama," Tunu alisema, maana hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umetukosakosa!"

"Mama, wakati wa vita mlikuwa mnaanika hapa?"

"Sasa tungeanika wapi? Njaa haikusubiri vita viishe." Mama Sekela alimlaza kwenye mabua. "Barabara ya kule juu waliipiga mabomu saa kama hizi. Dada yangu alikuwa anageuza mpunga wake. Mpaka leo hatujui tuliwakosea nini."

Tunu aliufahamu mpango wa kazi zile: kuvunja barabara tupu ili adui asipite. Mwenzi ilitaja barabara, yeye akabonyeza kitufe cha bomu. Na alikuwa mtoto wa mpunga, aliyejua vizuri kuliko mashine yoyote watu wanafanya nini juani saa hizo. Hakufikiri hata mara moja.

Aliivuta kofia yenye redio karibu na kinywa kwa mkono mzima. "Mwenzi. Wakati wa vita, barabara ngapi tupu ulinipa mchana?"

"Kumi na moja."

Akaona aibu kumtazama yule mama usoni.

Mwenzi ilikuwa imeanza kupeleka taarifa kambini, na sauti kutoka kwenye kofia ikasikiwa na kila aliyesimama pale: "Rubani mmoja, hai. Eneo lote tupu. Hakuna raia."

Wanawake walitazamana. Mama Sekela aliinama, mkono wake ukiwa begani kwa Tunu.

"Nani huyo anayesema hatupo?" aliuliza. "Hebu mwambie tupo."

Tunu alifungua kinywa amwambie, kilio kikamtangulia.