Inspekta Asiye na Jana

Ukumbi wa benki ulikuwa umejaa pomoni, watu wameganda kwenye viti vya plastiki wakisubiri namba zao ziitwe. Ukutani televisheni ilikuwa inarudia *Nani Kazima Taa*, ile tamthilia ya upelelezi ambayo kila mtu aliitukana na kila mtu aliitazama. Mwanamke mmoja, kavaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, miwani kaipandisha juu ya nywele, akacheka kwa sauti.

"Wiki ile Inspekta kasema ni yatima," akasema, hamwambii mtu. "Huyu mama anayemfulia mashati katoka wapi?"

"Labda mama wa kambo," akajibu mwanamume wa kiti cha pembeni, shati jeupe, mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko.

"Angetajwa. Na muuaji je? Hajaulizwa, hajabanwa, kasimama sebuleni anakiri mwenyewe! Huyu mwandishi ana shida gani?"

"Ana shida nyingi. Ya leo ni kwamba amekaa karibu na wewe."

Mwanamke akashusha miwani, akamkagua kuanzia viatu mpaka kichwani. Hakuona haya hata kidogo. "Basi tutaonana Jumatatu," akasema. "Mimi ndiye mhariri wenu mpya wa picha."

Kazini walimwita Mkasi. Mwandishi naye akaanza kumwita Mkasi wangu, na kabla watu hawajamaliza kunong'ona, mambo yalikuwa hadharani.

"Umekula, Mkasi wangu?" alikuwa akimpigia mchana, naye yuko ghorofa ya juu tu.

"Nimekula sehemu yako ya nne. Chapwa, haina chumvi."

"Nije nikutilie?"

"Wewe njoo na chai. Chumvi nitatia mwenyewe."

Mkasi alikuwa na sheria moja: hasomi skripti. "Mtazamaji haletewi skripti nyumbani," alizoea kusema. "Nisipoelewa kwa macho, na yeye hataelewa." Aliringa na sheria hiyo kupita kiasi, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Jumapili moja, wamekaa sakafuni kwa mwandishi, miguu ya Mkasi mapajani mwa mwanamume, Mkasi akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Alipokuwa mdogo baba yake alimtuma dukani akanunue kiberiti. Aliporudi, baba hayupo, sanduku halipo. Mama akawaambia majirani kwamba mumewe kafia safarini, wakaja kumpa pole, na mpaka leo mtaa mzima unamjua kuwa ni mjane.

"Hilo ni la mama," akasema. "Likitoka, sijui atapita vipi pale mtaani." Mwandishi akamkumbatia.

Wiki chache baadaye akampigia simu. "Mpenzi, nimekuwekea mezani skripti ya sehemu ya tisa. Isome. Ukisema ndiyo, tunapiga picha."

"Ndiyo, ndiyo," akajibu, mawazo yote yako kwenye sauti ya sehemu ya saba iliyokuwa inakwaruza. Skripti ikawekewa kikombe cha chai juu yake.

Picha zikaja. Mkasi akavaa spika zake za masikioni, akabonyeza. Inspekta amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama mikono yake. "Baba alinituma kiberiti," anasema. "Niliporudi, sanduku halipo. Mama akawaambia watu amekufa." Mwigizaji akakosea, akacheka, akaomba maji ya kunywa, akalia upya. Wakarudia, na kurudia tena, na katikati mtu wa taa akasikika anatania kwamba huyo baba kiberiti alikifuata mwenyewe.

Mkasi akaisimamisha picha. Akashika simu, akaiweka chini. Kumpigia ilikuwa ni kutaka maelezo, na yeye hakutaka maelezo. Alitaka kumwonyesha cha mtema kuni.

Akakata. Alikiondoa kitanda, baba, kiberiti na kila neno lililogusa hayo, na mahali palipobaki wazi akajaza Inspekta akipanda ngazi, Inspekta akishuka ngazi, Inspekta akitafuta funguo. Prodyuza alikuwa haangalii kitu ila dakika zitimie na matangazo yaingie. Ile picha ya Inspekta anayemwona mtoto analia mlangoni pa duka, akamwacha mwizi akimbie, yeye akaangua kilio, hiyo aliiacha nzima. Kilio bila sababu! Aliitazama tena na tena, raha inampanda mpaka kooni.

Sehemu ya tisa ikarushwa, na mwandishi akawa kichekesho cha mji. Mitandaoni wakamchora amepanda ngazi zisizo na mwisho. Mama yake Mkasi naye hakubaki nyuma.

"Mwanangu, huyo Inspekta wenu karogwa?" akauliza kwenye simu. "Mwizi yule pale, yeye analia!"

"Ni mwandishi, mama. Hajui kazi."

"Basi si wamfukuze?"

"Watamfukuza, mama. Wewe tulia tu."

Aliyasema hayo anapaka rangi ya kucha, mguu juu ya meza, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu zije zile picha, chakula kilimpitia kooni.

Mwandishi alikuja chumba cha uhariri mchana, kavimba.

"Picha za kitandani ziko wapi?"

"Ninazo."

"Kwa nini? Kinyozi wangu ananicheka! Prodyuza kasema sehemu ya mwisho isipoeleweka, nifungashe. Na ulisema ndiyo!"

"Sisomi skripti. Unajua."

"Najua." Akakaa, ule uvimbe umeanza kumtoka. "Nilitumaini safari hii utasoma." Akasita. "Hapana, nisikudanganye. Nilitumaini hutasoma. Inspekta alikuwa mtupu, Mkasi. Nilikaa kila siku natafuta cha kumpa, sikioni. Nikachukua chako."

"Ukachukua cha mama yangu!"

"Nisamehe. Unajua nataka kukuoa."

"Unaoa uliyemwibia?" Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha mwandishi kuliko makelele. Mbele ya macho yake akazifuta picha za kitandani, moja baada ya nyingine. "Mwaka mzima unanisikiliza mimi. Wewe hujaniambia hata siku moja uliyovunja kikombe. Nitakuokoa kwa sharti moja. Mpe Inspekta kidonda chako wewe, na nitakikata nitakavyo mimi."

"Sina kidonda."

"Unacho. Wauaji wako wote wanakiri bila kuulizwa. Mtu aliyetulia moyoni haandiki hivyo."

Mwandishi akakodolea macho kioo cha kompyuta kilichokuwa kimebaki cheusi. Alipoanza kusema, alisema kama anatapika. Utotoni alirusha jiwe likamtoa jicho mtoto wa jirani. Mdogo wake alikuwa karibu, akashikwa yeye. Kaka mtu akafyata mdomo. Mdogo akapelekwa kwa mjomba, analia mlangoni mpaka alipopakiwa garini, na hakurudishwa tena. Mpaka leo nyumbani wanamwita Jiwe.

"Andika," Mkasi akasema.

Akaandika. Wakapiga picha, na Inspekta akapata jana yake. Ikaeleweka kwa nini mtoto anayelia mlangoni alimtoa machozi, na kwa nini alimsahau mwizi. Kulikuwa na sentensi moja mwishoni: "Mnamwita Jiwe, lakini jiwe nilirusha mimi." Siku ya mwisho ya uhariri mwandishi akampigia.

"Hiyo ya mwisho itoe, mpenzi, nakuomba. Wazazi wangu wanatazama. Yeye mwenyewe anatazama."

"Hata mama yangu anatazama," akajibu, akakata simu. Sentensi hakuikata.

Asubuhi baada ya sehemu ya mwisho kurushwa, mwandishi akaja na shati la jana, macho mekundu.

"Umeiacha."

"Nimeiacha."

"Baba kanipigia, kanitukana mpaka pumzi ikamwishia. Halafu mdogo wangu akapiga."

"Kasemaje?"

"Alilia, na mimi nikalia. Mwisho akasema, njoo uniambie usoni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ulikusudia kuniumiza."

"Nilikusudia. Na nimefurahi, tena mpaka najionea aibu, na bado nimefurahi." Akamtazama yule mwanamume aliyechakaa mbele yake, akaona kwamba hajawahi kumpenda hivi, na hilo nalo likamkera. "Ile posa yako sijaijibu."

"Ulisema siwezi kumwoa niliyemwibia."

"Twende kwa mdogo wako kwanza. Ukishamwambia usoni, niulize tena."

"Na ukinikataa?"

"Nikikukataa, angalau utakuwa umempata mdogo wako," akasema. Akazima kompyuta, akachukua mkoba wake, akatangulia mlangoni bila kumngoja. Lakini mkono alimwachia nyuma, aushike.