Chupa Ndani ya Boksi la Chakula

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pua alikuwa na kazi yake: kusafisha boksi la chakula lililofungwa nyuma ya pikipiki ya baba yake. Nyumbani walimwita Pua kwa sababu hakuna harufu iliyompita. Maziwa yakiungua kwa jirani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja uso.

Baba yake aliwapelekea wateja chakula. Aliyempangia kazi hakuwa mtu, ilikuwa programu ndani ya simu. Simu ikilia, alitakiwa abonyeze kitufe cha kijani upesi, achukue chakula mgahawani na kukimbia nacho. Akikataa, au akisimama njiani, programu ilimshusha daraja, na kesho yake kazi zilikwenda kwa wengine. Wenzake walimwita Nyota Tano kwa kuwa wateja walimpa nyota zote tano kwenye programu, na jina hilo lilimvimbisha kichwa.

"Baba, hujamaliza chai yako," Pua alisema asubuhi moja.

"Nimelowesha ulimi, inatosha. Nikinywa sana nitasimama njiani, na nikisimama bosi wangu ananuna." Akaionyesha simu, akacheka. Mama hakucheka.

Pua alichukua ndoo na kitambaa akatoka nje. Alipofungua boksi, harufu kali ikampiga puani. Kwenye mfuko wa pembeni palikuwa na chupa ya plastiki yenye maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Akafungua kifuniko, akanusa, akakirudisha upesi.

"Yallah! Mkojo!"

Baba alitoka mbio, akampokonya chupa. "Ni maji ya betri," alisema bila kumtazama usoni. "Na usimwambie mama yako."

Pua alijua maji ya betri hayanuki hivyo. Alinawa kwa sabuni, akanawa tena, na bado alijiona mchafu. Mkojo, pembeni ya chakula cha watu! Alimwonea baba yake kinyaa, na kumwonea baba kinyaa kulimuuma kuliko harufu yenyewe.

Jumamosi mchana baba alirudi nyumbani ghafla ameshika kiuno, akapitiliza chooni bila kumsalimia mtu. Pua alimsikia akiguna kwa maumivu. Mara simu aliyoiacha mezani ikaanza kulia. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha la kufanya: ikilia nami siko karibu, bonyeza kijani tusishushwe. Pua akabonyeza, akajiona amesaidia.

Baba alitoka chooni, jasho likimtiririka. "Umeshapokea?"

"Ndiyo, baba."

"Basi tena. Nikighairi sasa, tumekwisha." Akavaa helmeti, akaondoka huku amejikunja.

Haikuchukua muda, Breki, dereva mwenzake, akaingia akihema. "Shemeji, Nyota Tano ameanguka mlangoni pa mgahawa! Tumempeleka zahanati."

Mama na Pua walimkuta kitandani, mwili unawaka moto. Simu ilikuwa kando ya mto, nayo haikumpa nafasi hata ya kuugua. "Mteja wako anasubiri," iliandika. Kisha: "Umechelewa. Jitahidi zaidi!" na chini yake uso wa njano unaotabasamu. Pua alitamani kuutemea mate. Mtu hajiwezi, nayo inamchekea! Kinyaa chote alichomwonea baba yake kilihamia kwenye kioo cha simu ile.

Daktari alikuja. "Maji unakunywa?"

"Mengi tu," baba alijibu.

"Na haja ndogo?"

"Naenda vizuri kabisa, daktari."

Pua alisogea karibu na kitanda. Akamtazama mama, kisha akapiga moyo konde. "Si kweli, daktari. Hanywi maji. Anajibana, akizidiwa anakojoa kwenye chupa, na mkojo wenyewe ni mweusi kama chai. Leo alikuwa anaumwa, mimi nikapokea kazi kwenye simu." Akaangua kilio.

Baba aligeukia ukutani kwa aibu. Daktari akamshika Pua bega. "Umetusaidia sana, binti. Mtu asiyekunywa maji na anayejibana kutwa, vijidudu huzaliana kwenye njia ya mkojo. Vya baba yako vimeanza kupanda kwenye figo. Angejikaza kisabuni kwa siku nyingine chache, tungeongea mengine."

Mama akamgeukia Breki. "Na wewe una chupa?"

Breki alijikuna shingo. "Sote tunazo, shemeji. Mgahawani wametufungia choo. Wanasema ni cha wateja."

Mama aliinuka. Alimshika Pua mkono, wakaenda hadi mgahawani, ambako pikipiki ilikuwa bado imeegeshwa. Akafungua boksi, akatoa chupa, akaingia nayo hadi kaunta na kuitua mbele ya sahani zinazometameta.

Meneja aliziba pua. "Mama, toa uchafu wako hapa!"

"Uchafu ni wenu," mama alisema, na sauti hakuipunguza. "Hii inasafiri pamoja na chakula chenu. Nitaitoa mkishatoa kufuli chooni."

Wateja waliokuwa wakila waliweka vijiko chini. Mmoja alisukuma sahani kando. Kufuli likafunguliwa muda huo huo, na jioni paliwekwa mtungi wa maji ya kunywa kwa madereva.

Breki na wenzake nao walikaa wakakubaliana kuzima simu wote pamoja kila mchana, wapumzike. Akizima mmoja, programu ilimwadhibu na kuwapa wengine kazi zake. Wakizima wote, ilikosa wa kumpa. Siku ya kwanza walizima kwa hofu, lakini walipowasha, kazi zilikuwa zinawasubiri.

Baba alipona polepole. Daraja lake lilikuwa limeshuka, na Breki hakukosa la kumtania: "Sasa tukuiteje, Nyota Tatu na Nusu?"

Asubuhi ya kurudi kazini, baba alimaliza chai yote, akashushia na maji, kisha akaenda chooni. Simu ikalia mezani. Kidole cha Pua kilikuwa kimeshanyooka.

"Pua! Iache hiyo!" baba aliita kutoka chooni.

"Tutashushwa, baba!"

"Itushushe! Simu haina figo, mwanangu. Haijui kiu wala kubanwa. Mwili wako ukiomba maji au choo, usikilize huo kwanza. Na ukiumwa, mwambie daktari ukweli kama ulivyofanya wewe, si kama nilivyofanya mimi."

Pua aliurudisha mkono wake. Simu ililia, ikalia, mwisho ikanyamaza yenyewe. Akachukua ndoo na kitambaa, akaenda kufungua boksi na kuingiza pua yake ndani. Lilinukia sabuni tu.